Kilio Hakichaguliwi

Filimbi ninayo mpaka leo. Ni ya chuma, ya kawaida, kama ile ya mwalimu wa mazoezi ya viungo, na kamba yake nyekundu imeanza kupauka. Wenyewe wameiulizia kwa simu, wameiulizia kwa barua pepe, safari moja wakamtuma dereva mpaka mlangoni pangu Kadutu, hapa Bukavu. Nilimpa dereva kiti na chai, akanywa, akarudi mikono mitupu. Anayeitaka aje mwenyewe tuzungumze. Sijaificha. Imening'inia kwenye msumari karibu na picha ya marehemu baba, na kila anayeingia sebuleni kwangu anaiona.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuigiza shida. Nina shahada ya chuo kikuu, ya hapa hapa Bukavu, lakini mjini kwetu wenye shahada ni wengi kuliko viti vya ofisi, na mimi kiti changu nilikipata ndani ya mchezo. Mashirika ya misaada, ONG kama tunavyoyaita, kabla ya kumtuma mfanyakazi mpya Bunyakiri au Idjwi, humpitisha kwanza kwenye mchezo. Neno ni hilo, mchezo, ingawa wengi hutoka humo wamenuna. Hujengwa kijiji cha uongo: mahema machache, kamba ya kizuizi, meza ya kugawia chakula, ndoo za kunawia mikono. Wanafunzi hugawiwa kadi: wewe ni daktari, wewe unashughulikia maji, wewe ni kiongozi wa msafara. Kisha sisi waigizaji tunawaingilia na matatizo.

Katikati husimama mwongozaji. Ana saa, ana bunda la kadi za mambo ya ghafla, na ana filimbi. Kadi moja inasema daraja limekatika, nyingine inasema mkuu wa kijiji amekasirika na hataki kuwaona. Filimbi ikilia mwanzoni, dunia ya uongo inaanza. Ikilia mwishoni, inakwisha. Katikati haipulizwi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kitabu cha mwongozo, nayo imeandikwa kwa herufi nene: mchezo hausimamishwi, isipokuwa mtu ameumia.

Nisieleweke vibaya. Mchezo huo naupenda. Nimemwona fundi wa maji, kijana mwenye maneno mengi, akichora vyoo juu ya chemchemi ya kijiji kizima, na sisi tukamnywesha matokeo yake kwa kuugua kipindupindu mbele yake mmoja mmoja. Alitoka pale kimya. Ni heri alikosea juu ya nyasi za mazoezi kuliko Bunyakiri. Nimecheza mke wa mkuu wa kijiji, nimecheza mwizi wa mafuta ya kupikia, nimecheza mama aliyepoteza watoto njiani. Kikubwa zaidi nilijulikana kwa kulia. Nyumbani walinitania kwamba mimi ndiye pekee katika ukoo aliyesoma mpaka chuo kikuu ili alipwe kwa machozi. Nilicheka nao.

Lakini kuongoza mchezo hakukuwa kwetu. Mwongozaji alikuja na ndege au na mashua ya Goma, akashika filimbi, akatuambia namna watu wa Kivu wanavyokasirika, akaondoka. Nililisema hilo kila mkutano, mpaka wenzangu wakawa wananikanyaga mguu chini ya meza. Mwishowe mkuu wa mafunzo, mtu wa Kinshasa tuliyemwita Chef, mpole, suruali zake zimenyooka hata kwenye tope, aliniita pembeni na kunivisha ile filimbi shingoni. Alisema zoezi la mwisho la kipindi kile nitaliongoza mimi, kutoka filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, yeye akinitazama. Nikilifikisha mwisho, nafasi ya mwongozaji kwa Kivu nzima ni yangu. Nikilivunja, basi.

Niliitaka nafasi ile. Sioni haya kusema hivyo.

Kwa kawaida tulichezea kwenye uwanja wenye ukuta, upande wa Lwiro, ambako jirani wa karibu ni mikaratusi. Miezi ile barabara haikuaminika, kwa hiyo mchezo ukahamishiwa kwenye ukumbi wa parokia hapa Kadutu, chini kidogo ya nyumba yangu. Anayeijua Kadutu anajua nyumba zetu zilivyopandana kilimani. Ukikohoa, jirani wa juu anakuambia pole. Tulifanya yote yanayotakiwa. Padri aliarifiwa, mkuu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, aliarifiwa, na kwenye lango tulitundika bango kubwa la kusema kwamba humu ndani ni mazoezi. Ila bango linasomwa na macho. Kilio kinaingilia masikioni, na sikio halijasoma.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Mtu amekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Timu ya wanafunzi inafika nyumbani kwa marehemu ili kuchukua mwili bila kueneza maradhi na bila kuwavunjia wafiwa heshima. Marehemu alikuwa mdoli wa mpira aliyefungwa kwa shuka nyeupe na kulazwa kwenye mkeka katikati ya ukumbi. Mjane alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke kijana mwenye kifua kipana, ambaye nilimfundisha mwenyewe kulia: asianze kwa sauti ya juu, aanze kwa kuita, kama mtu ambaye bado anatumaini kujibiwa.

Nilipuliza filimbi asubuhi, wakati wanawake wengi wa mtaa wanachambua sombe, majani ya muhogo, au wanasubiri maji. Yule mwalimu akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, kisha akaachia. Nilisisimka, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Sasa lazima niseme jambo ambalo wageni huwa hawaliamini. Miaka hii risasi tumezizoea. Zikilia tunasikiliza zinatoka upande gani, tunawavuta watoto wakae sakafuni, tunaendelea kukoroga chungu. Kilio hatujakizoea. Mtu akilia kilio cha msiba, unaacha kila kitu, unajifunga kikwembe kiunoni, unachukua ukuni, unakwenda. Huulizi kwanza ni nani. Utaulizia hukohuko. Ukuni ni kwa sababu nyumba yenye msiba itahitaji moto, na mfiwa hawezi kuanza kutafuta kuni.

Baba yangu alifariki asubuhi kama ile, siku ya kazi, mimi peke yangu chumbani naye. Nililia mara moja. Kabla sijavuta pumzi ya pili mlango ulikuwa umejaa. Wa kwanza kuingia alikuwa Maman Directrice, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi aliyenifundisha kusoma na kunichapa kwa haki. Alikuwa na gogo begani na unga wa bugali bado umeganda kwenye vidole. Hakusema pole. Aliweka gogo chini, akamfumba baba macho, akaniambia nikae.

Kwa hiyo mlango wa ukumbi ulipofunguka, na Maman Directrice akaingia na gogo begani, nilijua kabla ya mtu yeyote kilichotokea. Nyuma yake walikuja wengine. Aliingia mama muuza sambaza, dagaa wa ziwani, wa kona ya chini, wakaingia wawili wa kwaya, akaingia mwanamke mjamzito aliyeshika bidoni ya maji. Walikuja wengi, na wengine walikuwa bado wanapanda ngazi za udongo. Waliweka kuni ukutani. Walivua viatu. Walikaa chini kuzunguka mdoli, kila mmoja mahali pake, kama wanavyokaa siku zote.

Wanafunzi walidhani ni waigizaji. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa Kifaransa kwamba safari hii kikundi ni kikubwa na kinacheza vizuri sana. Daktari wa timu, kijana mwenye adabu kutoka Kisangani, alipiga magoti mbele ya Maman Directrice kama tulivyomfundisha, akaweka mikono mahali inapoonekana, akasema anasikitika kwa msiba huu.

"Asante, mutoto yangu," alisema Maman Directrice. "Ni nani mwenye alikufa?"

Daktari aliangalia kadi yake. "Ni mwanaume, maman. Mwenye miaka arobaini."

"Miaka si jina. Ako mutoto wa nani?"

Kadi haikusema. Daktari aliigeuza upande wa pili, upande wa pili ulikuwa mweupe. Alinitazama mimi.

Nilimtazama Chef. Alikuwa amesimama karibu na jukwaa, amekumbatia daftari lake la alama, na uso wake uling'aa. Yeye alikuwa ameelewa. Aliishi nchi hii, si mjinga. Alinijia polepole, akaniinamia sikioni. "Wacha iendelee," alisema kwa Kifaransa. "Hii ni dhahabu. Hakuna mwandishi wa mchezo anayeweza kutuandikia hii. Toa kadi ya tano."

Kadi ya tano ilikuwa ile ya kuchukua mwili. Ilisema: timu inauweka mwili kwenye mfuko na kuutoa nje, familia inapinga kwa nguvu.

Nilikuwa nayo mkononi. Katika kilio chetu wanawake hawamlilii marehemu wa siku hiyo peke yake. Yule ni mlango tu. Wakishaingia, kila mmoja anamlilia wa kwake. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, wa mbali akaingia, na sasa wa mbali walikuwa wameingia kabisa. Muuza sambaza alikuwa anamwita mume wake, aliyekwenda migodini na kurudishwa kwenye turubai. Mwanamke mjamzito alikuwa anamwita mama yake. Maman Directrice hakuita mtu, alikuwa anatikisa kichwa tu, machozi yanafuata makunyanzi mpaka kidevuni. Na wanafunzi wakaanza kuufungua mfuko, maana saa iliwaambia ni wakati hata kabla sijatoa kadi, na mmoja wao akamshika muuza sambaza begani ili amsogeze kando, kwa upole, kama kitabu kinavyoelekeza.

Yule mwalimu wa chekechea ndiye aliyenyamaza kwanza. Aliona mambo yamemzidi, akafunga mdomo, akanitazama kwa hofu. Wale wengine hawakunyamaza. Msiba haukuwa wake tena.

Sikufikiri muda mrefu. Watu wanaponiuliza, wanatamani niseme nilipima hili na lile. Nilichukia tu. Nilichukia kuona machozi ya muuza sambaza yakihesabiwa kwenye daftari la alama za watu wengine, na nilichukia neno dhahabu. Nikapuliza filimbi. Niliipuliza kwa pumzi yangu yote, ndefu, kwenye ukumbi wenye mabati, mpaka wengine wakaziba masikio.

Chef alifunga daftari lake. 

Nilitembea mpaka kwenye mkeka, nikafunua shuka, nikawaonyesha mdoli. Nilisema kwa Kiswahili chetu kwamba hakuna aliyekufa, kwamba hawa ni wanafunzi wa kazi ya misaada, kwamba ni muchezo wa kufundishia, na kwamba mimi ndiye ninayeuongoza. Niliwaomba msamaha. Nilingoja matusi.

Kwanza kulikuwa na kicheko kimoja kifupi, cha mwanamke wa kwaya, kikakatika chenyewe. Muuza sambaza alijifuta uso kwa ncha ya kikwembe na kuutazama ule mdoli, kichwa chake cha mpira, macho yake yaliyochorwa. Alitazama mkono wa mwanafunzi ambao ulikuwa bado uko begani kwake mpaka yule akauondoa. Kisha akavaa viatu na kutoka bila neno. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Maman Directrice alibaki amekaa. Aliongea nami kama zamani darasani, bila kupandisha sauti.

"Weye uko na akili, nilikufundisha miye. Sasa uniambie. Kesho mutu akilia huku juu, kilio ya kweli, batu batasema nini?"

Nilianza kuikunja ile shuka.

"Batasema, ah, ni ba ONG banacheza. Batabaki ku nyumba zabo. Na ule mwenye kufiwa atakaa na maiti yake peke yake, analia, anangojea batu. Unasikia? Siko na kasirani juu ya mudoli. Miye nashikwa na kasirani juu ya ule mutu wa kesho."

Alisimama, akachukua gogo lake, akalirudisha begani. Mlangoni aligeuka. "Papa yako alikufa, tulikuya bangapi?"

"Bengi, maman."

"Ni vile tu."

Mchana tulikaa kwenye viti vya plastiki kwa ajili ya mazungumzo ya mwisho, ambayo katika mchezo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Hapo kila mtu husema alichojifunza. Kabla hayajaanza Chef alinipeleka nyuma ya ukumbi, penye mabomba ya maji. Hakuwa na hasira. Nakiri alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyonikera.

"Ungengoja robo saa tu," alisema.

"Kitabu kinasema mchezo unasimama mtu akiumia."

"Nani aliumia?"

"Yule mama anayeuza sambaza."

"Hakuna aliyemlazimisha kulia."

"Tulimwita, Chef. Kilio ni mwito. Tulimwita akaja, na wazo la kwanza lililokujia ni kumtumia."

Alivua miwani, akaisafisha. Alisema nafasi bado haijapotea. Niwaambie wanafunzi mbele ya wote kwamba kuvunja zoezi lilikuwa kosa, wajifunze na hilo, na kipindi kijacho nitapewa zoezi lingine na filimbi ileile. Kilio kitabaki, kwa sababu mchezo usiofanana na ukweli haufundishi. Na mchezo wenyewe umeandikwa mbali, unachezwa nchi nyingi, hauwezi kubadilishwa kwa ajili ya mtaa mmoja wa Bukavu.

Nilirudi ukumbini, nikasimama mbele ya wanafunzi. Chef alikaa mstari wa nyuma akaniitikia kwa kichwa, akinitia moyo.

"Sikukosea," nilisema.

Niliwaambia: mtakwenda mahali ambapo mtu amefariki, mtakuwa na glavu na mifuko na muda mfupi. Mtakuta watu wamekaa chini. Mtawaita umati, kwa sababu kitabu kinawaita umati. Hao waliacha chungu motoni. Walifika kabla yenu, walileta kuni, na mtakapoondoka watabaki. Leo mmekaa nao na hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Mmoja wenu alimsogeza mtu aliyekuwa anamlilia mume wake, akadhani amefanya vizuri. Kama mnataka kujifunza jambo moja kutoka kwangu, mjifunze hilo, na kama mchezo hauwezi kulifundisha bila kuwadanganya majirani zangu, basi mchezo urudi ulikoandikwa.

Daktari wa Kisangani aliandika. Wengine walitazama sakafu. Nilisema pia kwamba niko tayari kuongoza mchezo wowote, hata kesho, ila si kwa kilio. Mjane anaweza kukaa kimya, na asiyeweza kuusoma msiba bila kelele hajafaa kupelekwa popote. Kisha nilipita katikati ya viti nikatoka, filimbi ikiwa shingoni, nikapanda ngazi za udongo kwenda nyumbani. Nafasi ilikuwa imekwenda, nami nilikuwa nimeitaka kweli.

Walimpata mwongozaji mwingine, si wa huku. Walinipigia simu kuniomba nirudi angalau kulia, kwa malipo mazuri zaidi, nikakataa. Yule mwalimu wa chekechea naye alikataa, bila kuambiwa na mtu. Wakatafuta njia nyingine.

Njia hiyo tuliisikia asubuhi moja ya kiangazi. Nilikuwa uani nachambua sombe. Kilio kikatoka ukumbini, kikubwa, na mara moja nikakitambua: kilikuwa cha mwalimu yuleyule, walichokuwa wamekirekodi siku ile, sasa kinatoka kwenye spika. Anaita mara mbili, anaachia, kinakatika, kinaanza upya palepale. Mtu yeyote angejua ni mashine. Mtaa mzima ulijua. Mikono yangu ilisimama juu ya bakuli, na nilisikia jinsi uani kwa jirani wa juu na wa chini mikono mingine ilivyosimama, maana vinu vilinyamaza.

Hivyo ndivyo itakavyokuwa, nilijiambia. Leo tutabaki nyumbani, na tutakuwa na haki.

Maman Directrice alipita mbele ya lango langu. Alikuwa amezeeka tangu siku ile, alitembea kwa kushika kuta. Begani alikuwa na gogo.

"Maman, ni masini," nilimwambia.

"Minasikia ni masini. Siko kiziwi."

"Na unaenda?"

"Nitaanza kuchagula kilio leo, na uzee hii? Siye kilio hatuchagulake. Tukianza kuchagula, tutachagula kila siku." Aliendelea kushuka. "Lete kuni."

Niliacha sombe. Nilichukua ukuni, nikajifunga kikwembe, nikaing'oa filimbi kwenye msumari sijui kwa nini, nikamfuata. Kwenye kona muuza sambaza alikuwa anafunga beseni lake kwa turubai. Hakunitazama, lakini chini ya kwapa alikuwa na ukuni. Tuliingia ukumbini wengi kuliko siku ya kwanza. Tukapanga kuni ukutani, tukavua viatu, tukakaa chini kuzunguka mdoli. Hatukulia. Tulikaa tu, na ile spika ikaendelea kulia peke yake juu ya vichwa vyetu, inakatika, inaanza.

Mwongozaji mpya alipekua bunda lake la kadi. Wanafunzi wapya walisimama na mfuko wao, hawajui wamsogeze nani. Chef alikuja, suruali imenyooka, akachutama mbele ya Maman Directrice na kumweleza kwa heshima kabisa kwamba haya ni mazoezi tu, kwamba hakuna aliyekufa.

"Tunajua, papa," alisema Maman Directrice. "Tulikuya tu."

"Mtakaa mpaka lini?"

"Mpaka kilio iishe."

Chef alinitafuta kwa macho, akaiona filimbi. Nadhani alitaka nimsaidie. Niliishika kifuani na nikabaki nimekaa. Ilibidi aamue mwenyewe, na baada ya muda mrefu akamwambia fundi wa umeme azime spika.

Mara tatu zaidi walijaribu, na mara zote tulishuka. Waliweka bango kubwa zaidi. Walimtuma mkuu wa avenyu apite nyumba kwa nyumba kutuambia tusisumbuke. Tulimshukuru, tukashuka na yeye. Baada ya hapo spika haikusikika tena. Siku hizi wanacheza na mjane aliyekaa kimya, nami sijaitwa kuongoza, wala sitawapigia magoti ili niitwe. Kitabu chao sijui kama kimebadilishwa. Mtaa wangu haujabadilika.

Maman Directrice alifariki mwezi uliopita, asubuhi, siku ya kazi. Alikuwa na mjukuu wake tu ndani ya nyumba, na yule msichana alilia mara moja. Nilitoka na ukuni wangu, na sikuweza hata kufunga lango vizuri, kwa sababu njia ilikuwa imeshajaa watu wenye kuni mabegani, wanapanda, kimya, muuza sambaza mbele. Hakuna aliyeuliza kama ni mchezo.